Maswali ya Wasomaji: Nani Anachagua Mbegu Shambani Kwako?

Barua za safari hii zinahusu jambo moja: mimea inayobadilika kadiri mvua, joto, jembe na dawa vinavyobadilika. Zimetoka Kilimanjaro na Arumeru. Barua tumezifupisha, majibu tumeyaacha marefu pale ambapo mkulima anaweza kupoteza msimu kwa kukosa maelezo.

Je, mahindi yamejifunza ukame?

*Nalima Kahe. Mbegu yetu ya mahindi tumeirithi kwa mzee, si ya dukani. Zamani ilichelewa sana kutoa mbelewele, siku hizi inawahi. Jirani anasema imezoea ukame ikajifunza kuwahi. Ni kweli?*

Ndugu yetu wa Kahe, mmea haujifunzi kuwahi. Kila mmea unaishi na kufa na urithi uleule uliotoka nao kwenye punje. Kinachobadilika ni kundi zima, kizazi baada ya kizazi, kwa sababu mimea haiachi watoto sawasawa. Katika shamba la mbegu ya asili utakuta mimea inayotoa mbelewele siku ya 58 na mingine siku ya 70. Mvua ikikatika mapema, ile ya siku ya 70 inatoa ndevu udongo ukiwa umeshakauka, na gunzi linabaki na punje za kuhesabu. Ile ya siku ya 58 imeshajaza. Mbegu utakayopanda mwakani inatoka kwa waliojaza. Miaka ya namna hiyo ikifuatana, wastani wa shamba unasogea.

Huo ndio uteuzi asilia, na masharti yake ni matatu: mimea itofautiane, tofauti irithiwe, na tofauti hiyo iongeze au ipunguze mbegu zinazoachwa. Sharti moja likikosekana, hakuna kinachosogea.

Jambo hili limepimwa. Kusini mwa California, Marekani, watafiti walikuwa na mbegu za Brassica rapa, mmea wa jamii ya haradali, zilizokusanywa mwaka 1997. Ukafuata ukame wa miaka kadhaa, wakakusanya tena 2004 mahali palepale. Walipozikuza pamoja katika mazingira yaleyale, kizazi cha baada ya ukame kilichanua mapema zaidi: kwa siku 1.9 katika eneo moja na siku 8.6 katika jingine. Watoto wa mchanganyiko wa 1997 na 2004 walichanua katikati. Hapo hakuna nafasi ya kusema ni hali ya hewa tu. Tofauti ilikuwa ndani ya mbegu.

Kwako wewe, hata hivyo, kuna mambo mawili ya kuondoa kwanza. La kwanza ni joto. Mahindi yanakua haraka kwenye joto, kwa hiyo mbegu ileile kabisa itawahi mwaka wa joto na kuchelewa mwaka wa baridi. La pili ni chavua ya jirani: akipanda chotara ya muda mfupi upande upepo unakotoka, baadhi ya punje zako ni watoto wa shamba lake.

Tafuta ndugu aliyegawiwa mbegu ileile zamani na ambaye hulima sehemu yenye mvua nzuri. Panda mbegu yake na yako siku moja, shamba moja, mistari minne ya kwake, minne ya kwako, ikipishana mara tatu. Andika tarehe ambayo nusu ya mimea ya kila kundi inamwaga chavua. Zikilingana, kilichokudanganya ni joto. Zikipishana, mbegu zimeachana. Kisha menya magunzi yako: ukiona punje za rangi au umbo ambalo mzee hakuwa nalo, chavua ya jirani imeingia.

Na usidhani kuwahi ni faida tupu. Mmea unaowahi una majani machache ya kutengeneza chakula, hivyo gunzi lake ni dogo. Masika mazuri yakirudi mfululizo, waliochelewa watajaza zaidi na wastani utarudi nyuma. Uteuzi asilia hauna mpango wa mbele. Unapima msimu uliopo.

Nataka kuchagua mbegu yangu mwenyewe

*Nipo King'ori, Arumeru. Kila mwaka nachagua magunzi makubwa kuliko yote ghalani na kuyaweka mbegu. Sioni mabadiliko yoyote kwenye ukame. Nakosea wapi?*

Kosa lipo kwenye neno "ghalani". Gunzi kubwa ghalani halikuambii lilikotoka. Huenda mmea wake ulisimama pembeni mwa shamba bila wa kugombania nao maji, au juu ya sehemu lilipokuwa zizi. Ukubwa huo ni wa mahali, na mahali hapaingii kwenye punje. Chagua mmea ukiwa umesimama, na uanze kabla ya mavuno kwa zaidi ya mwezi.

Kwanza hakikisha mbegu yako si chotara ya dukani. Watoto wa chotara hutawanyika, mavuno hushuka, na kuchagua humo ni kazi ndefu isiyolipa kwa mtu mwenye ekari moja. Tumia mbegu ya asili au aina isiyo chotara, kwa mfano Situka M1. Shamba la mbegu likae mita 200 kutoka mahindi ya jirani. Kama huna nafasi hiyo, pishana naye kupanda kwa wiki tatu hadi nne ili chavua zisikutane.

Kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30, mmea mmoja kila shimo, ekari moja ina mimea karibu 18,000. Igawe katika vipande 20 kwa vijiti na kamba. Katika kila kipande utachagua mimea 10 iliyo bora kuliko jirani zake wa hapohapo, si bora kuliko shamba zima. Usipogawa hivyo, mimea yote 200 itatoka bondeni penye unyevu, na utakuwa umechagua bonde badala ya mbegu. Mistari miwili ya pembeni iache kabisa, pamoja na mimea iliyo kando ya pengo.

Sasa dalili ya kutazama. Ukame unapoukuta mmea wa mahindi wakati wa kuchanua, mbelewele hutoka karibu na wakati wake, lakini ndevu huchelewa. Chavua inamwagika, ndevu hazipo. Zikitoka, chavua imekwisha. Kwa hiyo pita shambani kila asubuhi katika wiki za kuchanua. Tikisa mbelewele kidogo: vumbi la manjano likidondoka, funga uzi mwekundu na uandike tarehe. Ndevu zikichomoza, hata sentimita moja, andika tarehe ya pili. Mmea ambao tarehe zake zimepishana siku 0 hadi 2 ni mgombea. Uliopishana zaidi ya siku 5, uache hata kama bua lake linapendeza. Watafiti wa CIMMYT, kituo cha kimataifa cha utafiti wa mahindi na ngano kilichopo Meksiko, walitumia dalili hii, pamoja na nyingine, kuanzia miaka ya 1970 kwa mahindi ya Tuxpeño, na kwa kuchagua mzunguko baada ya mzunguko walipata mahindi yaliyopunguza kuchelewesha ndevu kwenye ukame.

Usisahau baba. Punje ina wazazi wawili, na upepo hauchagui. Kabla chavua haijaanza kumwagika, ng'oa mbelewele za mimea iliyodumaa na ile yenye majani ya michirizi ya manjano. Hiyo kazi ya siku moja inaongeza matokeo kuliko watu wanavyodhani. Tuone kwa hesabu. Tuseme shamba lako kwa wastani linachanua siku ya 64, ukachagua mimea ya siku ya 60. Tofauti ni siku 4. Kama asilimia 40 ya tofauti kati ya mimea inatokana na urithi, watoto watasogea 4 × 0.4, yaani siku 1.6, wachanue siku ya 62.4. Lakini kama umechagua akina mama tu na baba ni yeyote, unapata nusu: siku 0.8. Ndiyo maana msimu mmoja hauonyeshi kitu kwa macho, na ndiyo maana wengi hukata tamaa mapema.

Wakati wa kuvuna, chukua magunzi ya mimea iliyofungwa uzi peke yake. Pukuchua katikati ya gunzi, uache ncha na kitako, na chukua punje 150 kwa kila gunzi, sawa kwa wote. Magunzi 200 yatakupa punje 30,000, takriban kilo 9, zinazotosha ekari. Usijaribiwe kuchukua punje nyingi kutoka magunzi matano mazuri. Mahindi huchavushana, na ukiyafunga kwenye familia ndogo yanadumaa baada ya vizazi vichache: mimea mifupi, magunzi yenye mapengo. Mimea 100 ndiyo mwisho wa kushuka.

Kausha hadi unyevu wa asilimia 13. Kwa kipimo cha nyumbani, tia punje na chumvi kavu kabisa kwenye chupa ya kioo iliyokauka, tikisa kwa dakika chache, acha itulie dakika kumi. Chumvi ikinata kwenye kioo, unyevu bado umepita 15. Isiponata, anika siku mbili zaidi kisha funga.

Gugu linalofanana na mpunga

*Mabogini, kwenye mpunga wa umwagiliaji. Kuna nyasi hatuitambui mpaka itoe suke. Kwa nini inafanana na mpunga kiasi hiki?*

Kwa sababu mikono ya wapaliliaji imeifanya hivyo. Nyasi za jamii ya Echinochloa zilizosimama tofauti, zenye shina jekundu au zilizolala, huonwa na kung'olewa. Zilizofanana kidogo na mpunga husalimika, zikaacha mbegu. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2019 huko China ulikadiria kwamba aina inayoiga mpunga ilianza kujitenga takriban miaka 1,000 iliyopita. Hakuna aliyekusudia; kila palizi ilikuwa mtihani, na jicho la mkulima ndilo lililosahihisha.

Lakini kuna sehemu nyasi hii haijaiga. Shika jani, livute taratibu kutoka kwenye shina, utazame pale bapa la jani linapokutana na ala inayokumbatia shina. Mpunga una kilimi cheupe, chembamba kama karatasi, kilichochanika mara mbili, na pembeni yake vijisikio viwili vyenye vinyweleo. Echinochloa haina kilimi wala vijisikio. Pale ni laini patupu. Fundisha vibarua hivyo, na palizi ya kwanza ifanyike siku 15 hadi 20 baada ya kupandikiza. Zaidi ya yote, pandikiza kwa mistari. Nyasi inaweza kuiga jani, ila haiwezi kuota kwenye mstari wako. Chochote kilicho katikati ya mistari hakihitaji kukaguliwa.

Dawa ileile, magugu hayafi

*Nipo Usa River. Napiga dawa moja ya magugu kabla ya kupanda, miaka kadhaa sasa. Nyasi moja ya jamii ya ulezi inabaki kijani. Muuza dawa anasema niongeze kipimo.*

Usiongeze bado. Tazama kwanza jinsi yalivyobaki. Kama magugu ya kila aina yamebaki, kosa ni la upigaji: maji ya tope (kama dawa yako ni glaifoseti, hushikwa na udongo na kupoteza nguvu), majani yenye vumbi, mvua iliyonyesha saa chache baadaye, nozeli iliyochakaa, au magugu makubwa yaliyonyauka kwa jua, ambayo hayanyonyi dawa. Kama aina moja tu imebaki, na mmea uliokufa kabisa umesimama jirani na wa aina hiyohiyo ulio kijani, hapo kuna usugu.

Usugu hauumbwi na dawa. Ulikuwepo tayari kwa mmea mmoja kati ya mamilioni. Shamba lenye magugu 200 kila mita ya mraba lina magugu karibu 800,000 kwa ekari. Hata kama msugu ni mmoja kwa milioni, kila msimu una nafasi kubwa ya kuwa naye. Ukipiga dawa, wenzake wote wanakufa, naye anabaki na maji, mbolea na nafasi ya ekari nzima, kisha anaacha maelfu ya mbegu. Usugu wa kwanza wa glaifoseti kuripotiwa ulikuwa Australia mwaka 1996, kwa nyasi iitwayo Lolium rigidum. Eleusine indica, jamaa wa karibu wa ulezi na huenda ndiyo hiyo yako, ilifuata Malaysia muda mfupi baadaye.

Pima mwenyewe. Kusanya mbegu za mimea iliyosalimika, na nyingine za aina hiyohiyo kutoka kando ya njia isiyopigwa dawa. Zioteshe kwenye trei mbili zenye udongo mmoja. Zikifika majani matatu hadi manne, zipige pamoja kwa kipimo cha lebo na uhesabu baada ya siku 21. Trei ya njiani ikifa yote na ya shambani ikabaki, umepata jibu.

Hapo ng'oa kwa mkono kila uliosalimika kabla haujatoa suke, uutoe nje ya shamba. Msimu unaofuata tumia dawa inayoua kwa njia nyingine. Soma kiambato kwenye lebo, si jina la mbele, maana chupa tatu za majina tofauti zinaweza kuwa kitu kimoja. Kupunguza kipimo ili kubana gharama ni hatari vilevile: nusu dozi huwaacha hai wenye ustahimilivu kidogo, wakazaana, na kwa Lolium rigidum imeonekana kwamba vizazi vichache vya dozi ndogo hutosha kuzalisha nyasi sugu.

Gugu karoti, linaloenea kando ya barabara za Arusha, nalo ling'olewe kabla ya ua la kwanza, mikono ikiwa na glavu kwa sababu huwasha na kuleta mzio. Huweza kuchanua wiki nne hadi sita tu baada ya kuota, kwa hiyo ukisubiri likue ndipo ufyeke, umechelewa.

Migomba ya kihamba mbona haibadiliki?

*Swali fupi kutoka Machame.*

Kwa sababu ndizi tunazokula hazina mbegu. Chipukizi ni nakala ya mama, na bila tofauti uteuzi hauna cha kuchagua, isipokuwa badiliko la nadra linalotokea ndani ya shina lenyewe. Ndizi ya Gros Michel iliyotawala biashara ya dunia iliangushwa na mnyauko wa Fusarium kufikia miaka ya 1950 na 1960, mashamba makubwa yote yakiwa mmea mmoja ulionakiliwa. Kinga yako ni kuwa na aina kadhaa kihambani. Chipukizi jipya limenywe mizizi, litumbukizwe kwenye maji ya nyuzi 52 hadi 55 kwa dakika 20 ili kuua minyoo na fukusi. Maji hayo hayaponyi mnyauko. Shina lililougua lisitoe mche.

Mimea ya juu ya Kilimanjaro itahimili joto?

*Naongoza wageni, njia ya Marangu. Wananiuliza hili kila mara.*

Waambie kasi ya mageuko huhesabiwa kwa vizazi, si kwa miaka. Lobelia deckenii, mmea wa huko juu, hujikunja usiku, na maji yaliyo katikati ya majani yake huganda juu huku chini yakibaki maji, chipukizi likikaa salama. Umbo hilo limechongwa na baridi ya usiku kwa vizazi vingi mno. Gugu la shambani huweza kupata vizazi viwili au vitatu kwa mwaka; Dendrosenecio kilimanjari, mmea mwingine mkubwa wa huko juu, huhitaji miaka mingi kufikia kutoa mbegu. Joto la miaka hamsini ni vizazi vingi kwa gugu, na vichache sana kwa huu. Mimea kuhamia juu zaidi mlimani kunawezekana mpaka ardhi inapokwisha kufaa. Na moto, kama ule wa Oktoba 2020, unaua mimea mikubwa ambayo ingetoa mbegu za kuchagua, kwa hiyo katika maisha ya mteja wako jiko lililoachwa linawaka ni tishio la karibu kuliko joto lenyewe.

Tofauti ya mazingira na ya urithi

*Nafundisha biolojia sekondari, Moshi Mjini. Wanafunzi wanaona mmea wa njiani mfupi na wa shambani mrefu, wanasema ni uteuzi asilia. Nawaonyesheje kama ni kweli?*

Mwalimu, anza na mfano unaowapinga. Huko Laikipia, Kenya, migunga yenye vinundu vya sisimizi ilizungushiwa uzio wanyama wasiile. Matawi mapya ya miti hiyohiyo yalitoa miiba mifupi. Mti haukubadilika urithi. Uliacha kujilinda ulipoacha kuliwa. Kisha wape wa upande wa pili: watafiti Clausen, Keck na Hiesey, katika kazi waliyoitoa mwaka 1940, walipanda mimea ileile ya California katika bustani tatu, Stanford mita 30, Mather mita 1,400 na Timberline mita 3,050. Ya pwani haikudumu Timberline hata ikitunzwa, na ya mlimani ilibaki na tabia zake ilipoteremshwa. Njia ni moja: kukuza pamoja.

Kishona nguo kinafaa, kwa kuwa kinakua haraka na kinajichavusha. Kusanyeni mbegu za mimea 20 ya njia inayokanyagwa na 20 ya shambani, kila mmoja mita tano au zaidi kutoka mwenzake, kila mama bahasha yake. Otesheni miche miwili kwa kila mama, jumla makopo 80, udongo sehemu mbili, samadi moja, mchanga moja, umechanganywa rundo moja kabla ya kujaza. Makopo yachanganywe kwa kura na kuhamishwa kila wiki, maana upande wa ukuta una joto zaidi. Pimeni siku ya ua la kwanza, urefu siku hiyo, na idadi ya matawi.

Msitoe hukumu hapo. Mama mwenye njaa wa njiani huenda ameweka akiba ndogo kwenye mbegu, na mche ukaanza kwa udhaifu usio wa urithi. Funikeni vichwa vya maua kwa kitambaa cha chandarua, vuneni mbegu, mrudie yote kwa kizazi cha pili. Hicho ndicho cha kusomwa. Tofauti ikifutika, ilikuwa ya mazingira. Ikibaki, ni ya urithi, na mnaweza kuanza kujadili kama kukanyagwa ndiko kulikoichagua. Njia moja na shamba moja havitoshi kwa mjadala huo. Tafuteni jozi tatu au nne sehemu mbalimbali za mji, na muone kama zote zinaelekea upande mmoja.

Miche iliyokufa nayo iandikwe, pamoja na jina la mama yake. Kama mirefu ya kundi moja ndiyo iliyokufa zaidi, wastani wa iliyobaki utaonyesha tofauti ambayo mbegu hazikuja nayo.